Moto Mmoja, Bondi Nne

Namsifu fundi wa Chamazi anayesubu sufuria kwa alumini chakavu. Moto wake ni mmoja, lakini ndani yake anatawala vitu vinne, kila kimoja kimeshikamana kwa bondi ya nguvu yake.

Kwanza maji. Molekuli zake hushikana kwa bondi hafifu, hivyo nyuzijoto 100 zinatosha kuyafanya mvuke, na mvuke huo hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Tone lililojificha ndani ya pistoni kuukuu, likizama katika alumini iliyoyeyuka, hulipuka na kurusha metali usoni. Ndiyo maana fundi hukausha chakavu kando ya tanuri kabla ya kukitumbukiza.

Pili alumini yenyewe. Hushika umbo lake hadi nyuzijoto 660. Hapo joto huzidi kuingia na nyuzi hazipandi, maana lote linalegeza bondi: kilo moja hudai takriban kilojuli 400. Mwanagenzi hudhani moto umeshindwa. Fundi huongeza mkaa, akangoja. Tena alumini haiwi nyekundu mbele ya macho kama chuma, kwa hiyo huipima kwa mkono, akisikia wepesi wa kijiti anachokorogea. Na kuyeyuka huko ni kulegea, atomi hazijaachana. Kuigeuza kilo hiyo iwe mvuke kungedai zaidi ya kilojuli 10,000. Kwa sababu atomi bado zinavutana, metali humiminika kwa pamoja, ikajaza kalibu ya mchanga na kuganda kuwa sufuria.

Tatu chungu cha chuma cha kuyeyushia. Bondi zake ni imara zaidi, hakiyeyuki hadi nyuzijoto 1,538, hivyo hukaa motoni kikabeba kilicholegea. Hata hivyo alumini ya majimaji hukila taratibu, na fundi makini hukikagua kisije kikatoboka.

Nne utando unaoelea juu. Ni oksidi ya alumini, na bondi baina ya alumini na oksijeni ni kali mno: kuiyeyusha hutaka zaidi ya nyuzijoto 2,000. Moto wa mkaa hauiwezi, basi fundi huiengua.

Kukausha, kungoja, kukagua, kuengua: kila tendo ni jibu sahihi kwa bondi fulani. Walimu wa kemia wa Chamazi na Mbagala wawalete wanafunzi hapa, wasimame mbali na tanuri, na fundi apewe nafasi ya kufundisha.