Kimya cha King Majuto

Hadhira ya mabanda ya video huku Marambo, Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni mhakiki mkali wa fani hata kama haijitambui hivyo. Hucheka kwa sauti, hujibizana na kioo, humwonya mhusika anayekaribia mtego. Na filamu isiyotarajia kutazamwa namna hiyo hupoteza nusu ya maneno yake katika kelele. Kazi za mchekeshaji Amri Athumani, yaani King Majuto, hazipotezi neno, na sababu iko katika namna alivyokipanga kimya.

Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani 1958 akiwa bado mtoto, miaka mingi kabla kanda za video hazijamsambaza nchini. Shule yake ilikuwa kichekesho, utanzu ambao vikundi vyetu vya sanaa viliupachika katikati ya ngoma, sarakasi na kwaya: hauna muswada, hubuniwa papo kwa papo juu ya kisa ambacho waigizaji wamekubaliana tu. Mwigizaji wa hapo hulazimika kungoja, kwa kuwa neno la pili likitamkwa kabla kicheko cha kwanza hakijatua, limepotea.

Alihamia nako kungoja huko mbele ya kamera, ambayo haicheki. Mtazame anapodaiwa fedha, au uongo wake unapofichuka. Hajibu. Shingo hugeuka taratibu, macho yametoka, mdomo umefunguka nusu kana kwamba jibu limefika kooni likagoma. Ndipo hutoa kauli fupi kwa ile sauti ya kukwaruza, na mara nyingi kauli hiyo hujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Muda huo nauita kimya pokezi: ni mwanya uliotengwa ndani ya utendaji kwa ajili ya mtu ambaye hayupo wakati wa kurekodi. Kwenye meza ya mhariri, mwanya huo huweza kudhaniwa ni ulegevu. Bandani, watazamaji huujaza wenyewe, nacho kicheko chao kinapokwisha ndipo sentensi inayofuata inapoanza.

Mhusika wake ni bapa kwa makusudi, mzee bahili, mwenye tamaa, mwepesi wa hasira, na visa vyake havihitaji zaidi. Hata majina ya filamu kama Daladala na Rent House yanataja mahali ambapo watu wasiochaguana hubanana. Uwanja wa namna hiyo humtosha, maana utata huzaliwa kwa kukaribiana tu.

Si kila filamu inamstahili. Vingi kati ya visa hivyo vimerefushwa kupita kiasi, na kamera inayomkaribia mno humkata mikono, ilhali mikono ya Majuto ndiyo inayokanusha kile ambacho mdomo umetoka kukiri. Picha pana, iliyotulia, inayomwonyesha kuanzia magotini, humfaa kuliko ufundi wowote wa uhariri, kwa sababu humrudishia jukwaa.

Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Wachekeshaji wengi waliomfuata wameiga sauti na mavazi yake. Aliyeiga subira yake sijamwona bado.