Kusoma na Kuimba: Hukumu ya Ala za Muziki katika Maulidi ya Lamu

Mswahili wa Lamu husoma maulidi, haimbi maulidi. Hata matari yanapopigwa, sauti zikapokezana na safu za vijana zikayumba kwa pamoja, kitenzi hubaki kilekile. Taarabu huimbwa, Qurani husomwa. Na maulidi, ambayo sikio la mgeni lingeyaweka pamoja na taarabu, lugha imeyaweka pamoja na Qurani. Makala hii inadai kwamba uteuzi huu wa kitenzi ni hukumu ya kisheria iliyofichwa ndani ya lugha, na kwamba mhakiki wa fasihi hana budi kuizingatia.

Mjadala wa uhalali wa ala ni wa kale. Wanaoharamisha hutegemea, miongoni mwa mengine, aya ya 6 ya Sura Luqman, ambayo Sahaba Ibn Masud aliifasiri kuwa inahusu uimbaji, pamoja na hadithi ya Sahihi al-Bukhari inayowalaumu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm (994–1064) alishikilia kuwa isnadi ya hadithi hiyo imekatika. Ibn Hajar al-Asqalani (1372–1449) akaitetea kuwa imeungana. Wanaoruhusu nao hutaja wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bi Aisha siku ya Idi: Abubakar alipowakemea, Mtume alisema waachwe.

Kwa mhakiki, hoja yenye manufaa zaidi ni ya al-Ghazali (aliyefariki 1111), ambaye ni wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani yetu. Katika kitabu chake cha Ihya, anaona kuwa sauti nzuri kwa asili yake si haramu. Uharamu huingia kwa mambo matano: mwimbaji, ala, maneno yanayoimbwa, hali ya msikilizaji, na msikilizaji kuwa mtu wa kawaida anayeugeuza usikilizaji kuwa mazoea. Dufu analiruhusu. Ala za nyuzi na zumari anazikataza kwa kuwa zimekuwa alama ya mabaraza ya walevi. Hukumu yake basi haielekezwi kwenye mti wala ngozi, bali kwenye utendaji mzima: nani anatenda, kwa chombo gani, kwa maneno gani, mbele ya nani.

Mizani hiyo inatufaa kuipimia Lamu. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, ndiye mwasisi wa Riyadha. Huko maulidi ya al-Habshi wa Hadhramaut yalisomwa kwa matari, ilhali koo za kale zilikuwa na desturi ya kusoma Barzanji bila ala. Wapinzani waliyakataa matari msikitini. Hata hivyo, Abdul Hamid el-Zein, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1974, anaonyesha kwamba mgogoro huo ulifungamana na matabaka ya mji: Riyadha iliwafungulia mlango wa elimu watu wa asili ya utumwa na wageni waliodharauliwa. Sharti la tano la al-Ghazali lilikuwa limepinduliwa. Watu wa kawaida, ambao kwake ndio waliohofiwa, ndio hasa waliokaribishwa. Kwa maoni yetu, baadhi ya waliolikataa tari waliikataa pia mikono iliyolipiga.

Haifai, hata hivyo, kuwageuza wapinzani wote kuwa watetezi wa tabaka. Wapo wanaouliza kwa ikhlasi: je, kubadili kitenzi hubadili kitendo? Ikiwa kuimba kwa ala kumekatazwa, kukuita kusoma kutakuwa hila tu. Swali hili ni zito, na wanaoyatetea maulidi hawalijibu kwa kusema kwamba ndiyo mila. Jibu la nguvu zaidi limo katika utendaji wenyewe: matini ya sira na sala za Mtume ndiyo inayotawala, na tari huifuata. Siku tari litakapoitawala matini, kitenzi “kusoma” kitakuwa kimesema uongo, na wapinzani watakuwa na haki.

Hapa ndipo lilipo funzo kwa uhakiki wetu. Tumezoea kuhesabu mizani na vina vya kasida na tenzi kana kwamba zilizaliwa kwenye karatasi. Kisha tunahukumu maudhui bila kuuliza nani alisoma, kwa mahadhi gani, na nani alizuiwa kusikiliza. Mafakihi, waliohalalisha na walioharamisha, hawakufanya kosa hilo. Waligombana juu ya sauti, chombo na hadhira kwa sababu walijua kwamba maneno yaleyale, kinywani mwa mwingine na mbele ya watu wengine, huwa jambo jingine. Mhakiki anayekaa kimya juu ya tari amekaa kimya pia juu ya nusu ya utungo.