Kuainisha na Kupendekeza: Uhakiki wa Riwaya za Kifantasia za Kiswahili kutoka Mwambao wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuzipokea kazi za kifantasia kwa swali moja: hizi ni kazi za aina gani? Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), wahakiki wamekuwa wakijadili umbo lake. Gromov (1998) aliuliza waziwazi iwapo kazi hizo ni riwaya, hadithi za kijadi au mifano yenye mafunzo. Khamis (2003) aliisoma Nagona kwa kuzingatia mpasuko wa muundo, usimulizi wa mdomo na uhalisia wa kimazingaombwe. Mijadala hiyo imeipatia taaluma istilahi zinazofaa. Hata hivyo, swali ambalo kila msomaji humuuliza mwenzake limeachwa kando: isomwe ipi, isomwe na nani, na ianze ipi?

Sehemu hii inajenga hoja kwamba kupendekeza kitabu ni tendo la kihakiki lenye vigezo vyake, wala si adabu ya maongezi tu. Vigezo hivyo vinajitokeza vizuri zaidi pale riwaya hizi zinaposomwa kutoka Mwanza na Ukerewe, yaani katika eneo alikotoka mwandishi anayetajwa zaidi katika mkondo huu, na ambako imani juu ya mambo ya ajabu si suala la vitabuni peke yake. Hoja ina uzito wa kivitendo. Orodha za vitabu vya kozi, mihadhara na dibaji ndizo zinazoamua kitabu kipi kimfikie msomaji. Kitabu kinachotajwa kila mara kuwa ni kigumu hupata heshima na kukosa wasomaji.

2.0 Ramani Iliyofutwa

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Riwaya zake nne za kwanza, yaani Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), zina ramani inayofahamika. Msomaji anakiona kisiwa, anauona uvukaji wa ziwa kuelekea Mwanza, na anaviona vijiji vikitikiswa na shule, fedha na siasa ya Ujamaa. Katika Nagona na Mzingile ramani hiyo imefutwa. Msimulizi hana jina, miji haina majina ya kawaida, na wanafikra wa Magharibi waliokwisha kufa wanatokea njiani kana kwamba ni wenyeji.

Kutokana na mabadiliko hayo, ni rahisi kudai kwamba mwandishi aliliacha ziwa akakimbilia falsafa. Dai hilo linakinzana na msimamo wake mwenyewe. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison ilihoji mazoea ya kuifasiri fasihi ya Kiafrika kwa mizani iliyoazimwa. Linakinzana pia na matini. Kilichofutwa ni majina ya mahali; kilichobaki ni muundo wa safari ya hadithi za kijadi: msafiri mwenye jukumu, vizuizi vya njiani, na wazee wanaojibu swali kwa fumbo. Katika Mzingile, msimulizi anatumwa kumpelekea mzee Kakulu habari za kifo cha mwanawe, na habari za kuzaliwa kwa Kakulu zinasimuliwa kama miujiza. Jina lenyewe lina mzizi -kulu, ambao wasemaji wa Kikerewe na Kisukuma wanautambua kuwa unahusu ukubwa na uzee. Msomaji wa mwambao anaingia katika kitabu kupitia jina hilo kabla hajahitaji kumsoma mwanafalsafa yeyote.

Mfano wa pili kutoka kisiwa hichohicho unathibitisha nguvu ya pendekezo. Aniceti Kitereza alimaliza kuiandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, baada ya miaka 35, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Tangu hapo riwaya hiyo imependekezwa zaidi kama hazina ya mila za Wakerewe. Kwa hiyo, kazi ya kihalisia ya Ukerewe inapendekezwa kama kumbukumbu za mila, na kazi za kifantasia za Ukerewe zinapendekezwa kama falsafa. Katika hali zote mbili, msomaji haambiwi kwamba anapewa hadithi.

3.0 Vigezo vya Kupendekeza

Todorov (1970) aliifafanua fantasia kwa kigezo cha kusita: msomaji hajui iwapo tukio lina maelezo ya kimaumbile au la. Kigezo hicho kinafaa, lakini mahali pa kusita hapafanani kwa wasomaji wote. Mhenga anapozungumza na mjukuu wake, wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawasiti kuhusu uwezekano wa tukio. Wanachojiuliza ni kosa gani limemleta. Kwa msingi huo, sehemu hii inapendekeza vigezo vitatu.

Kwanza, ulimwengu wa riwaya uwe na kanuni zake, hata kama si kanuni za dunia ya kawaida. Pili, ajabu ifanye kazi ambayo uhalisia usingeweza kuifanya. Ikiwa tukio lingeweza kusimuliwa bila ajabu na maana isipungue, basi ajabu hiyo ni pambo. Tatu, riwaya itofautishe ajabu ya kisanaa na tuhuma ya kishirikina.

Kigezo cha tatu kinatokana na mazingira yenyewe. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya imani za kishirikina. Mhakiki anayeziweka imani zote katika kapu moja la mazingaombwe anaifanya tuhuma inayoua ionekane kuwa mbinu ya kifani. Gabriel Ruhumbika, naye mzawa wa Ukerewe, aliliona tatizo hilo: katika Janga Sugu la Wazawa, imani ya uchawi inachorwa kihalisia kama janga la kijamii lenye wahanga. Kumpendekezea msomaji riwaya hiyo kama fantasia ni kumpotosha.

4.0 Riwaya Nne Mbele ya Vigezo

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ndiyo iliyo karibu zaidi na bunilizi ya kisayansi. Dzombo anahukumiwa kifo na kurushwa katika chombo ambacho waliokitangulia hawakurudi. Yeye anakimudu na kutua katika nchi yenye mpangilio mwingine wa jamii. Kanuni za nchi hiyo ni bayana, na jina lake, linalosomeka “wale ni sisi”, linambana msomaji asijitoe. Udhaifu wake ni mazungumzo marefu ya kufundisha, ambamo wahusika wanakuwa vipaza sauti vya itikadi. Inafaa kwa anayetaka kuona jinsi safari ya anga inavyoweza kubeba hoja ya siasa, lakini haimfai anayetafuta wahusika wenye kina.

Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed inatimiza kigezo cha pili kikamilifu. Babu aliyekufa anamjia K, kigogo aliyeisaliti jamii yake, na kumtembeza aone matokeo ya matendo yake. Mpinzani aliye hai angeweza kunyamazishwa, kununuliwa au kufungwa, marehemu hawezi. Ajabu hapa ndiyo inayoifanya hukumu iwezekane. Hii ndiyo riwaya inayofaa kuwa mlango wa msomaji mgeni.

Mzingile na Nagona huchukuliwa kwa kawaida kama pacha, na husomwa kwa kufuata miaka ya kuchapishwa. Tathmini hii inapendekeza kinyume chake: Mzingile itangulie. Sababu ni kigezo cha kwanza. Mzingile ina jukumu moja linaloweza kushikwa, yaani kufikisha habari za msiba. Hata mambo yanapovurugika, na msimulizi anapojikuta katika dunia iliyoteketea, msomaji bado anao uzi mkononi. Taswira hiyo ya maangamizi pia inaisogeza riwaya kwenye mpaka wa bunilizi ya kisayansi, ingawa mwandishi hajishughulishi kueleza mitambo. Katika Nagona, msako wa paa asiyeshikika unabadili maana kila sura, na anayeanza hapo hana namna ya kujua iwapo amepotea kwa makusudi ya mwandishi au kwa upungufu wake mwenyewe. Aliyepita kwanza katika Mzingile ataitambua njia ya Nagona, kwa kuwa amekwisha kujifunza kwamba kwa mwandishi huyu jibu huja kwa sura ya swali.

5.0 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba kutoeleweka ndiyo maana ya Nagona, na kwamba kumwandalia msomaji ngazi ni kuiharibu kazi. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Kitendawili hakitegwi kwa asiyejua kwamba huo ni mchezo wa vitendawili. Lazima kwanza pawe na mwito na itikio. Mpangilio wa usomaji ni mwito huo. Haulitoi jibu la fumbo, bali unamwezesha msomaji kutambua kwamba yupo mbele ya fumbo.

Pingamizi la pili ni kwamba kusoma kutoka mwambao kunamfunga mwandishi katika ukabila. Hoja iliyojengwa hapa haidai kwamba Mkerewe peke yake ndiye anayeweza kumwelewa Kakulu. Inadai kwamba mhakiki anayeanza na Nietzsche na asifike kamwe kwenye mzizi -kulu ameufunga mlango mmoja kati ya miwili, tena ule ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili.

6.0 Hitimisho

Sehemu hii imeonesha kwamba uainishaji wa riwaya za kifantasia umetangulia mbali kuliko upendekezaji wake, na kwamba pengo hilo lina gharama kwa wasomaji. Mpangilio unaopendekezwa ni Babu Alipofufuka, Walenisi, Mzingile, kisha Nagona, huku Janga Sugu la Wazawa ikisomwa pembeni yake ili msomaji aione tofauti kati ya ajabu inayomfikirisha na tuhuma inayomwangamiza jirani. Mpangilio huo unaweza kupingwa kwa vigezo vingine, na ni vyema upingwe, kwa kuwa upinzani wa aina hiyo utawalazimisha wahakiki kusema kile wanachokificha nyuma ya istilahi: kitabu gani kinafaa, kwa nani, na kwa nini.