Hesabu ya Watoto wa Rwenzori

Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa Kisinga, Bwera na miteremko ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, ina ufundi mwingi, lakini ninaoustahi kuliko wote ni wa kuwapa watoto majina. Mvulana wa kwanza huitwa Baluku, Mumbere au Nzerebende. Wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Wasichana wana safu yao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu, Kyakimwa, Nziabake.

Tazama kazi hii ilivyopangwa. Wavulana huhesabiwa peke yao na wasichana peke yao, hivyo Masika hampunguzii Baluku nafasi. Hesabu hufuata tumbo la mama: penye wake wawili, kila mmoja ana mzaliwa wake wa kwanza, na hakuna anayepitwa. Pacha ni Nguru na Ndobya; anayewafuata ni Kitsa. Wakifuatana wasichana watupu kisha akaja mvulana, au kinyume chake, jina Muhindo linamngoja.

Mpaka wa wakoloni kati ya Uganda na Kongo ulipita katikati ya watu hawa, lakini hesabu haikukatika. Ng'ambo ya kituo cha mpakani cha Mpondwe, kwa ndugu zao Wanande wa Beni na Butembo, Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule. Wafanyabiashara wawili wakitajiana majina sokoni, kila mmoja ameshajua mwenzake alizaliwa wa ngapi. Vivyo hivyo jina la Charles Wesley Mumbere, mfalme wa Rwenzururu aliyetambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009, na la mwanasiasa wa Kongo Antipas Mbusa Nyamwisi, yanasomeka pande zote mbili za mlima.

Hata siasa haikuikata hesabu hiyo. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na jirani zao Waamba walitoka katika baraza la Toro, ufalme uliowatawala, wakidai haki zao. Miaka yote ya mapambano yaliyofuata, akina mama waliendelea kuzaa na wazee wakaendelea kuhesabu.

Kwa hiyo nawasihi walimu na makarani: jina la hesabu liandikwe kamili. Mkiandika jina la ubatizo kisha “K.” tu, mtoto huyo anaweza kuwa Kule, Kabugho, Kyakimwa au Kitsa, na hesabu aliyotunziwa na wazee wake imepotea kwenye karatasi.