Kesi Iliyoshushwa Pamoja na Mabati

Mwenye nyumba alikuwa anadai haki yake. Naanza na hilo nisije nikaambiwa nimekaa upande wa wasiolipa. Miezi minne ya chumba na sebule, elfu arobaini kwa mwezi, ni laki moja na elfu sitini, na nyumba ile kaijenga kwa jasho, tofali baada ya tofali. Alidai kwa mdomo, akadai kwa simu, akampeleka mpangaji kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakapeana tarehe, tarehe ikapita. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Kisha asubuhi moja ya masika akaja na fundi na ngazi.

Mliokuwepo mliona wenyewe, na wengine picha zimewafikia kwenye simu, maana zilizunguka hapa Bagamoyo kutoka Dunda hadi Nianjema kabla ya adhuhuri. Fundi alianza upande wa kibla. Akang'oa misumari ya bati la kwanza, akalipokeza chini, akaenda la pili. Yakashuka mabati sita, yakaegemezwa kwenye mwembe. Mpangaji mwenyewe, mama mmoja, alikuwa ndani anamwogesha mtoto kwenye beseni. Hakuguswa mtu, hakikutolewa chombo, na nadhani mwenye nyumba alijiona muungwana kwa hilo. Aliezua paa lake mwenyewe, mali yake mwenyewe. Kila aliyemuuliza alijibiwa neno moja: huyu hana mkataba na mimi.

Neno hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Kuezua ni kosa, lakini wenye nyumba wengine wamewahi kuezua, wakang'oa milango, wakakata umeme, wakabadili kufuli mpangaji akiwa sokoni. Kinachoniuma ni kwamba alipanda ngazi akiamini sheria iko nyuma yake, kwa sababu tu hapakuwa na karatasi. Na imani hiyo imeenea pwani yetu hii yote, toka Bunju, Mapinga na Kerege mpaka huku mjini: asiye na mkataba wa maandishi ni kama mgeni aliyelala barazani, unaweza kumwamsha saa yoyote.

Sivyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kufanywa kwa mdomo. Haikusema kwa kunong'ona wala kwa tanbihi. Na kama hamkupatana muda wa kuondoka, sheria inatazama kodi inalipwaje. Inalipwa kwa mwezi? Basi mna upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, ampe mwenzake ilani isiyopungua mwezi mmoja, iishe siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo huyu bwana mkataba alikuwa nao. Ameutia nguvu kila alipopokea elfu arobaini zake. Na kwa kuwa miaka ya karibuni kodi alikuwa akiipokea kwa simu, meseji za muamala zimebaki na tarehe zake, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kumbukumbu ya namna hiyo inakubalika mahakamani. Aliposema hakuna maandishi, maandishi yalikuwa mfukoni mwake.

Tuitazame asubuhi ile kama ilivyokwenda. Saa moja kamili, kabla ngazi haijasimamishwa, alikuwa mdai. Ushahidi wote ulimwelekea yeye: deni linajulikana, mpangaji halikatai, mwenyekiti ni shahidi, ahadi imevunjwa. Alichokosa ni barua moja. Saa mbili, bati la sita lilipogusa mchanga, alikuwa ameshakuwa mdaiwa. Ndani ya kila upangaji, uwe wa mdomo au wa karatasi, sheria yetu inaweka ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa. Kumwondolea mtu paa wakati wa masika ni kuivunja ahadi hiyo mbele ya kitongoji kizima. Usiku ule ilinyesha. Godoro lililoa, daftari za shule za mtoto mkubwa zililoa, unga uliloa. Vyote hivyo vina bei, na kila bei inakatwa kwenye ile laki moja na elfu sitini. Kenya wao wameliandika hili waziwazi katika Sheria yao ya Ardhi ya 2012: mpangaji aliyetolewa kinyume cha masharti ya upangaji anaondolewa papo hapo wajibu wa kulipa kodi. Fundi alilipwa, na alichokifanya ni kulipunguza deni la aliyemlipa.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamsikia mtu akilisema. Deni la kodi likifika barazani kama deni tu, halina maneno mengi. Umelipa au hujalipa. Likifika limechanganyika na paa, na mtoto kwenye beseni, na picha za simu, hakuna mzee wa baraza atakayeanza na deni. Angekuwa na subira ya siku thelathini na karatasi ya mistari, leo chumba kingekuwa wazi.

Najua jibu la wenye nyumba, nimelisikia sana. Kufuata sheria ni safari. Uandike ilani, usubiri mwezi. Akigoma, uende baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata haliamui tena, linasuluhisha tu, na linapewa siku 30. Likishindwa, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na sisi wa Bagamoyo kwa miaka mingi tumezoea kubeba mafaili kwenda Kibaha. Nauli, muda, tarehe inaahirishwa, huku mpangaji anaendelea kulala bure. Malalamiko haya ni ya kweli na siyapuuzi. Mwenye vyumba sita Magomeni au Majani Mapana si tajiri. Mara nyingi ni mstaafu au mjane anayekula kwa kodi hiyohiyo.

Lakini tuulize nani aliyeirefusha safari. Nimeshalisema hili mara nyingi na nitalisema tena: mwaka 2005 tulifanya kosa kubwa. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango, ya mwaka 1984, iliyorithi ile ya 1962. Ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba. Mwenye nyumba na mpangaji walijua mlango wa kugonga ni upi, na mlango huo ulikuwa kwa ajili yao, si kwa ajili ya wagombea mashamba na mipaka ya viwanja. Mpangaji asiyelipa alitolewa, ila kwa amri. Ilikuwa na kasoro, sikatai. Kilemba kilistawi chini yake, na wapo waliosema inawavunja moyo wanaotaka kujenga. Kwa maghorofa ya Kariakoo huenda walikuwa na hoja. Ila dawa ya sheria yenye kasoro ni kuirekebisha. Sisi tuliifuta, na mgogoro wa chumba cha elfu arobaini ukapelekwa kwenye foleni moja na mgogoro wa ekari mia. Toka hapo wenye nyumba wadogo wamekuwa wakijitafutia njia za mkato, na ngazi ni mojawapo.

Pale Kenya hawakufanya hivyo. Kwa wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa wana sheria tangu 1965, na kipengele chake kimoja kingemshangaza jirani yetu mwenye ngazi: upangaji usioandikwa unaingia moja kwa moja kwenye ulinzi wa sheria hiyo. Ukitaka kumtoa mwenye duka asiye na karatasi, unampa ilani ya fomu maalumu isiyopungua miezi miwili, naye ana haki ya kuipeleka barazani. Kwao ukosefu wa karatasi ndio unaomwita mlinzi. Wamekaa na utaratibu huo zaidi ya nusu karne na maduka ya Mombasa hayajafungwa.

Nikiwa kijana, mtaa wetu ulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa majahazi, elimu yake darasa la nne. Alikuwa na daftari moja la mistari, na kila chumba kilichopangishwa katika zile nyumba kumi kilikuwa na ukurasa wake: jina la aliyeingia, siku aliyoingia, kodi kiasi gani, nani alikuwepo wakati wa kupatana. Kodi ikilala, mwenye nyumba hakwenda kwa mpangaji, alikwenda kwa mjumbe. Mjumbe alimwita mpangaji baada ya magharibi, si mchana mbele ya watu, akamsomea ukurasa wake. Akampa mwezi. Mwezi ukiisha anamwita tena, safari hii na mwenye nyumba yupo, na wanaandika siku ya kuhama, wote wanatia sahihi au dole gumba. Siku ile ikifika, nilimwona kwa macho yangu akisukuma mkokoteni yeye mwenyewe pamoja na watoto wa mwenye nyumba, wakimhamisha mtu na kitanda chake mpaka kwa ndugu zake Kaole. Deni likabaki kwenye daftari. Lililipwa msimu wa dagaa.

Ilani, kipindi cha mwezi, ushahidi wa maandishi, makabidhiano ya chumba. Anayoyataka mtunga sheria wa 1999, na zaidi, yule mzee aliyafanya bila kuijua sheria ambayo ilikuwa bado haijatungwa. Wenyeviti wa vitongoji wa leo wana muhuri, wana simu, wana ofisi, na nimekutana na wachache mno wenye daftari la wapangaji. Tunawaandika wakati wa sensa na wakati wa kupiga kura. Mwenyekiti wa safari hii alifanya vizuri kuwapatanisha. Angeandika yale makubaliano, angekuwa ameokoa paa.

Wa zamani zaidi wanaofaa kukumbukwa wako ng'ambo ya bahari, Unguja. Miaka ya 1920 wakazi wa Ng'ambo walikuwa na vibanda vyao, ila ardhi iliyo chini ya vibanda ilikuwa ya watu wengine. Wengi hawakuwa na hati yoyote. Kodi ya ardhi ilipopandishwa, waligoma kulipa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Wenye ardhi walikwenda mahakamani kuomba watolewe. Februari 1928 umati uliwatoa kifungoni wenzao, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikalazimika kutoa sheria ya kudhibiti kodi za ardhi. Watu wasio na karatasi hata moja walisimama pamoja mpaka sheria ikaandikwa kwa ajili yao. Mimi nawahesabu hao kuwa mashujaa wa kila mpangaji wa pwani hii. Na tazameni hata wale wenye ardhi, ambao siwatetei kwa lolote: walibeba madai yao mahakamani. Karibu miaka mia imepita na jirani yetu kabeba ngazi.

Siwezi kumaliza bila kuwataja madalali, wanisamehe watakaoudhika. Tangu barabara ya Msata iwekwe lami, na tangu habari za bandari ya Mbegani zianze kupanda na kushuka, mkataba ukisainiwa 2013, mradi ukisimamishwa 2019, chumba cha Bagamoyo kimekuwa biashara ya uvumi. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mtu mlango. Kwa pesa hiyo hashindwi kuandika karatasi moja yenye majina mawili, kiasi, na muda wa ilani. Haandiki. Akishapokea, hajulikani alipo, na mwenye nyumba na mpangaji wanaachwa na maneno ya mdomo waliyoyasema siku moja wakiwa wamesimama uani. Yule mama alipangishiwa hivyohivyo. Alilipa dalali, akalipa miezi mitatu mbele, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuchelewa. Alichelewa alipoumwa na kuacha kukaanga samaki.

Leo turubai la buluu limefungwa juu ya chumba, majirani wamelifunga, na mabati sita bado yameegemea mwembe kwa sababu mwenyekiti amekataza yasiguswe mpaka wasikilizwe. Kwenye baraza la kata, aliyefungua lalamiko ni mpangaji. Mwenye nyumba anatafuta mtu wa kumwandikia utetezi.

Nimempelekea ujumbe kupitia shemeji yake. Ayarudishe mabati kesho asubuhi, kwa gharama yake, kabla hajaambiwa na mtu. Kisha aandike barua ya ilani ya mwezi mmoja, itaje deni kwa tarakimu na miezi kwa majina, iishe siku ya kulipa kodi, nakala kwa mwenyekiti, na mpangaji atie sahihi kuipokea. Meseji za kodi azichapishe zote, tangu ya kwanza. Shemeji yake aliniuliza kama bado inawezekana baada ya yote yale. Nilimwambia inawezekana, ila mwezi unaanza kuhesabiwa siku barua itakapopokelewa, na ile minne iliyopita bila barua haitahesabiwa.