Kinywa, Mdomo na Mlango

Katika kazi ya kufasiri hakuna maneno yanayodhaniwa kuwa mepesi kama majina ya viungo vya mwili. Kila mtu ana kichwa, mikono na miguu. Mwingereza anavyo, Mdigo wa Msambweni anavyo, na Mvumba wa Wasini anavyo. Kwa hiyo mwanafunzi hudhani ya kuwa kila kiungo kina jina moja kwa Kiingereza na jina moja kwa Kiswahili, na kwamba kazi ya mfasiri ni kuondoa hili na kuweka lile. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa dhana hiyo si ya kweli, na kwamba yaweza kumtia hasarani mwenye kuifuata. Nitachukua neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "mouth". Tutalichukua mpaka pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani hata Vanga, tuone litapokewa kwa majina mangapi.

Tuanze na uso wa mtu. Kiswahili kina maneno mawili hapa, kinywa na mdomo. Kinywa ni ule uwazi wenye meno, ulimi na ufizi, na jina lake latokana na kitendo cha kunywa. Katika lahaja za kaskazini, na katika tungo za kale, utalikuta kwa sura ya "kanwa". Mdomo, kwa maana yake ya asili, ni ile nyama ya nje inayofunika kinywa. Mtu ana midomo miwili, wa juu na wa chini, na ndege naye ana mdomo wa kudonolea. Siku hizi watu wengi husema "fumbua mdomo" wakiwa na maana ya kinywa, wala mtu hastahili kuchekwa kwa kusema hivyo, kwa kuwa matumizi hayo yameenea kote. Walakini mwenye kuandika imempasa aijue tofauti, kwa sababu kuna mahali ambapo kutoijua huleta madhara.

Mfano mmoja ni ule ugonjwa wa mifugo uitwao kwa Kiswahili "ugonjwa wa miguu na midomo". Jina hili lilifasiriwa neno kwa neno kutoka kwa Kiingereza, na kila neno lilipata mwenzake wa karibu: mguu kwa mguu, mdomo kwa mdomo. Lakini hebu tuutazame ugonjwa wenyewe. Huwapata wanyama wenye kwato zilizopasuka, kama ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mnyama hutokwa na malengelenge juu ya ulimi, juu ya ufizi na kwenye midomo, na pia katikati ya kwato na juu ya chuchu. Hudondokwa na mate mengi, hukataa malisho, na huchechemea. Basi maradhi haya hayakai midomoni tu, yamo kinywani. Wala hayaenei mguu mzima. Yako kwenye kwato. Neno la Kiingereza la "mguu" lililomo katika jina hilo lina maana ya sehemu ya chini tu, inayokanyaga ardhi, lakini mguu wa Kiswahili waanzia pajani. Mfugaji wa upande wa Kinango akilifuata jina kama lilivyo, ataikagua midomo ya ng'ombe wake kwa nje, ataipapasa miguu toka paja hata goti, aone vyote ni vizima, kumbe ulimi umekwisha kuchubuka na kwato zimejaa malengelenge. Ugonjwa huu huambukiza upesi sana, na siku moja ya kuchelewa yaweza kuwa siku ya kundi zima kuambukizwa. Sisemi jina hilo lifutwe, kwa maana limekwisha kuzoewa. Nasema kuwa mfasiri aliyelitunga aliyatazama maneno mawili tu, asimtazame ng'ombe.

Sasa tutoke kwenye miili tuende kwenye vitu na mahali. Mwingereza husema "mouth" ya chupa, ya gunia, ya pango na ya mto. Je, Mswahili naye asemeje? Kwa chupa, mtungi na gunia husema mdomo, na kwa haki kabisa, maana vyombo hivyo vina ukingo mfano wa midomo ya mtu. Lakini pango halina mdomo. Pango lina mlango. Mtu afikaye Shimoni, mji uliopata jina lake kwa sababu ya mapango yake, husimama mlangoni mwa pango kabla ya kuteremka ndani. Na mto uingiapo baharini, Kiswahili cha mabaharia tangu zamani chasema "mlango wa mto".

Tuitazame mito ya Kwale, tuone kama neno hilo lafaa. Mto Mwachema huingia baharini mahali paitwapo Kongo, kati ya Tiwi na Diani, karibu na msikiti wa kale. Mto Ramisi huishia katika ghuba ya Funzi. Mto Umba hutoka katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ukavuka mpaka na kufika baharini karibu na Vanga. Katika mahali pa namna hii maji hayaendi upande mmoja tu. Bahari ikijaa, maji ya chumvi huingia mtoni. Ikipwa, maji ya mto hutoka. Mwenye chombo hungoja maji yajae ndipo aingie, na akichelewa hukuta njia imefungwa na mchanga. Mahali panapofunguka na kufungwa, watu wakaingia na kutoka, pana jina gani lifaalo zaidi kuliko mlango? Kwa fikira hiyo hiyo, bahari iliyo kati ya kisiwa cha Pemba na bara yaitwa Mlango wa Pemba. Kanuni yake si ngumu: chombo chenye ukingo hupewa mdomo, na mahali pa kupita hupewa mlango.

Pengine msomaji atasema kuwa nawaonea Waingereza, na kwamba mfano wao nao una uzuri wake. Ni kweli. Katika nchi yao iko miji mingi iliyopewa majina kwa mfano huo. Plymouth ni mji ulio kwenye mlango wa mto Plym, na Exmouth uko kwenye mlango wa mto Exe. Warumi wa kale walikuwa na neno "os", maana yake kinywa, na kutoka kwa neno hilo wakapata "ostium", ambalo maana yake ni mlango, na pia mahali mto unapoingia baharini. Bandari yao ya Ostia, kwenye mlango wa mto Tiber, iliitwa kwa neno hilo. Basi kinywa na mlango si maadui. Lugha moja imewahi kuvifunga katika fundo moja. Ninalolipinga ni ile desturi ya kuuchukua mfano wa wengine bila kuuliza kama tunao wetu.

Desturi hiyo imekwisha kuingia madarasani. Katika masomo ya jiografia wengi husema "mdomo wa mto", na neno limepata nguvu kwa sababu huonekana katika maandishi. Tuseme mtoto wa mvuvi wa Vanga ameandika "mlango wa mto Umba" katika insha yake, kama alivyosikia chomboni kwa baba yake, na mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu. Mtoto huyo amefundishwa mambo mawili siku hiyo. La kwanza, kwamba Kiswahili sahihi ni kile kinachofanana na Kiingereza. La pili, kwamba baba yake, aliyeupita mlango ule maelfu ya mara, hajui kusema. Yote mawili ni uongo, na la pili ni baya zaidi.

Hatari hiyo hiyo imo katika misemo. Mwingereza humwambia maskini kuwa aishi "toka mkononi hata kinywani". Ukiyafasiri maneno hayo kama yalivyo, Mswahili atakuuliza: na wewe chakula wakipeleka wapi? Lakini ukimwambia kuwa fulani afanya kazi ya kijungujiko, ataelewa mara moja kuwa kipatikanacho leo huliwa leo. Tena Mwingereza husema kuwa fulani "amemtia mwenziwe maneno kinywani". Kiswahili kina msemo wake, nao una ladha zaidi: amemlisha maneno. Hapo kinywa hakikutajwa hata kidogo, nacho kimeonekana.

Ni nani basi alaumiwe, kamusi? Kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939, chini ya usimamizi wa Frederick Johnson na Kamati ya Lugha, ni kazi iliyotusaidia sana, na kamusi nzuri haikupi neno moja. Hukupa kadhaa, ikuachie uchague. Kosa ni la msomaji anayechukua neno la kwanza na kukifunga kitabu. Kuchagua kwahitaji kukijua kitu chenyewe, na ujuzi huo mara nyingi uko kwa mtu asiyewahi kushika kamusi: mchungaji, nahodha, au mama anayechota maji kwa mtungi.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, mkutanapo na jina la kiungo cha mwili katika maandishi ya Kiingereza, msilifasiri kabla ya kuuliza maswali matatu. Je, latajwa kiungo chenyewe, au mfano wake? Ikiwa ni kiungo, ni sehemu gani yake hasa? Na ikiwa ni mfano, watu wa kwetu wanaokitumia kitu hicho kila siku hukiitaje? Chukueni maneno "head", "foot" na "neck", muyajaribu kwa maswali hayo, kisha mwende mkawaulize wazee wa nyumbani kabla ya kuandika jibu.