Kadi Pungufu na Haki ya Kuirudisha

Tarehe 30 Januari 2025 kampuni ya NVIDIA iliingiza sokoni kadi ya grafiki ya GeForce RTX 5090 kwa bei elekezi ya dola 1,999 za Marekani. Mzigo ulikuwa mdogo na wanunuzi wengi, kwa hiyo kadi ziliisha mara tu mauzo yalipofunguliwa. Waliokosa wakaingia kwenye foleni za oda za mapema, na wengine wakaangukia mikononi mwa walanguzi. Takribani wiki tatu baadaye ikabainika kwamba baadhi ya kadi zilitoka kiwandani zikiwa na upungufu.

RTX 5090 inatakiwa kuwa na vitengo 176 vya ROP, yaani vile vya hatua ya mwisho vinavyochanganya rangi na kuandika pikseli kwenye kumbukumbu ya kadi. Zenye kasoro zilikuwa na 168. Mwenye kadi hiyo haoni moshi wala skrini nyeusi. Gemu linafunguka na kuchezeka kama kawaida. NVIDIA ilikiri kasoro hiyo, ikasema imegusa chini ya asilimia 0.5 ya kadi, kwamba utendaji unashuka kwa wastani wa asilimia 4, na kwamba wenye kadi hizo wawasiliane na watengenezaji wabadilishiwe. RTX 5070 Ti nayo ilitajwa, na baadaye RTX 5080.

Asilimia 4 inaonekana ndogo, lakini mtu aliyelipia vitengo 176 alistahili kupewa 176. Swali langu ni siku ngapi mnunuzi alikuwa nazo za kudai haki hiyo, na kwa nani.

Chukua Uingereza. Kwa kanuni za mwaka 2013 za mikataba ya wateja, anayenunua mtandaoni anaweza kufuta oda wakati wowote kabla mzigo haujafika, na tena ndani ya siku 14 baada ya kuupokea, bila kutoa sababu. Siku zinaanza kuhesabiwa baada ya mzigo kupokelewa, si siku ya kulipa, na hilo ndilo linalomlinda mwenye oda ya mapema aliyesubiri miezi. Aliyepokea kadi siku ya kwanza ya mauzo alikuwa ameshapitwa na siku hizo 14 kasoro ilipojulikana. Hata hivyo, Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa pesa zote. Katika siku hizo ni juu yake kuonyesha kasoro, na hapa ushahidi ulikuwa rahisi: programu ya bure ya GPU-Z huonyesha idadi ya ROP, na picha moja ya skrini ilitosha. Siku 30 zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha kwanza. Madai haya yote yanaelekezwa kwa duka lililopokea pesa, hata kama duka hilo linamwambia mteja aende kwa mtengenezaji.

Marekani mambo ni tofauti kabisa. Hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha duka la mtandaoni kupokea bidhaa ambayo mteja ameghairi tu, kwa hiyo kila duka lina masharti yake. Yapo yanayotoa siku 15, yapo yanayotoa 30, na yapo yanayokata ada kwa boksi lililofunguliwa. Sharti ninaloliona baya zaidi ni lile la kubadilishiwa tu, bila kurudishiwa pesa. Kwa bidhaa iliyojaa stoo halina shida, ila kwa kadi mpya iliyoisha sokoni lina maana ya kurudisha kadi inayofanya kazi kisha kukaa bila kadi hadi mzigo mwingine uje. Na kurudishiwa pesa nako kuna ugumu wake, kwa sababu unapewa ulicholipa wakati walanguzi wameshapandisha bei. Kwa hali hiyo sishangai kwamba mtu angeamua kubaki na kadi yake pungufu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayeagiza kwa ndugu aliye London, au kupitia wakala wa mizigo, hesabu ni kali zaidi. Siku zinaanza kuhesabiwa ndugu au wakala anapopokea boksi huko huko. Kadi ikisubiri shehena kwa wiki tatu, inafika siku 14 zikiwa zimekwisha na zile 30 zikielekea ukingoni. Kama huyo ndugu ana kompyuta ya mezani yenye pawasapulai ya kutosha, aichomeke, aangalie ROP, aendeshe gemu zito kwa saa kadhaa, apige picha ya namba ya kadi pamoja na matokeo, ndipo aifunge tena. Boksi, mifuko na nyaya zitunzwe zote, maana maduka huweza kukata pesa kwa vilivyopungua.

Kabla ya kulipia oda ya mapema, fungua ukurasa wa masharti ya kurejesha wa duka hilo, usome sehemu inayohusu kadi za grafiki, na uhifadhi nakala yake pamoja na risiti. Ukikuta wanabadilisha tu bila kurudisha pesa, tafuta duka lingine, hata kama foleni yake ni ndefu zaidi.